Hataza ya Mwami na Mashine ya Mawese

Jumatatu, 2 Oktoba 2017. Kasulu.
Balaa! Barua imefika kutoka Dar es Salaam. Mama Vestina wa Kitahana amepinga hataza yangu, yaani ile karatasi ya serikali inayosema mashine ya kukamua mawese kwa kukanyaga ni uvumbuzi wangu mimi, Melkiadi, na mwingine asiitengeneze. Eti aliiunda miaka minne kabla yangu. Kweli niliiona kwake. Lakini mimi niliipaka rangi ya bluu! Msajili wa hataza anataka ushahidi. Sina.

Jumatano, 4 Oktoba.
Nimeokoka! Redio imesema huko Marekani kampuni ya dawa imehamishia hataza zake kwa kabila moja la wenyeji ili zisipingwe. Kabila lina mamlaka yake, halishtakiwi ovyo. Kampuni inaendelea na biashara kama kawaida. Chai imepoa mkononi. Kwani sisi Waha hatukuwa na mwami, mtawala wetu wa jadi? Mke wangu Esteria akasema hao waliondolewa madarakani kabla hatujazaliwa. Nikamwambia mambo ya sheria aniachie.

Ijumaa, 6 Oktoba.
Nimempata Mzee Stanislaus, mwalimu mstaafu, mjukuu wa mwami. Nimempigia makofi kwa adabu kama walivyofanya babu zetu. Amefurahi. Mbele ya wakili nimemkabidhi hataza yote. Kwamba nitaendelea kuitumia tumekubaliana kwa mdomo tu. Mwami humwekei karatasi! Tumekunywa pombe ya ndizi. Siku nzuri mno.

Jumanne, 24 Oktoba.
Msajili amejibu. Tanzania haina mwami mwenye kinga ya kutoshtakiwa. Shauri linaendelea, na wa kujibu ni mmiliki mpya. Mmiliki mpya! Nimekimbia kwa Mzee Stanislaus. Kumbe naye aliandikiwa, na alishajibu zamani. Ameandika kwamba mashine ni ya Vestina, alimwona kwa macho yake akiichomelea.
"Mzee, mbona umeniangusha?"
"Mwanangu, umenifanya mwami. Mwami atasemaje uongo?"

Alhamisi, 26 Oktoba.
Nimekwenda Kitahana kuomba radhi. Mama Vestina akasema karatasi yangu itafutwa, ila mkono wangu wa kuchomelea ni mzuri. Wanawake wa Kasanda wameagiza mashine sita. Nikitaka kazi, nije Jumatatu. Tena ameisifu rangi ya bluu! Nimekula kwake ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Nimerudi nikiimba.

Jumapili, 29 Oktoba.
Esteria ameniuliza kama nimejifunza. Nimemjibu nimekoma kabisa. Moyo umetulia, kazi ninayo, mvua inanyesha vizuri.
Ila baada ya ibada nimesikia kwamba Kigoma mjini yupo konseli, mwakilishi wa serikali ya Burundi, na watu wa aina hiyo hawashtakiwi kirahisi. Mashine ya Mama Vestina ikiongezwa kanyagio la pili, si inakuwa mashine mpya? Na Kirundi nakimudu.
Barua nimeshaianza: Mheshimiwa Konseli, je, unapenda mawese?