Ngazi Zilizomwangusha Mnara

Taarifa ilisomwa kati ya tangazo la sabuni na utabiri wa mvua. Mnara ameumia goti tena, lile lile la kulia, kwa mara ya tatu. Mtangazaji akasema kijana huyo wa mpira wa kikapu "ameteleza kwenye ngazi za nyumbani kwao", na kwamba majaribio yake na timu ya ng'ambo, yaliyokuwa yafanyike mwezi ujao, ndiyo basi tena.

Kinyozi alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu, akatoka barazani. Baraza lake ndilo kijiwe chetu. Kuna benchi mbili, redio inayoning'inia mlangoni, na Mama Mdogo pembeni na birika lake la kahawa. Tunamwita Mama Mdogo kwa sababu Mnara anamwita hivyo, na yeye ndiye kweli: mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na urefu wa kawaida.

"Mmesikia?" Kinyozi aliuliza. "Ngazi."

"Ngazi," aliitikia Shokapu kwa haraka kidogo. Shokapu ni fundi pikipiki, na kwake hakuna ugonjwa wa binadamu usio na spea yake. "Mimi nilisema tangu mwaka jana, lile goti limekwisha shokapu. Unamfunga mtu bandeji halafu unamwambia aruke? Hata pikipiki ya kubebea mkaa haifanyiwi hivyo."

"Kosa ni la mjenzi," alisema Refa.

Refa hajawahi kuchezesha mchezo wowote. Ni mlinzi wa benki, amepewa filimbi ya kazini, na filimbi hiyo imempanda kichwani.

"Mjenzi gani?"

"Wa hizo ngazi. Mafundi wa siku hizi wanapima kwa macho. Kidato kimoja kirefu kama meza, kinachofuata kifupi kama sahani. Mtu wa urefu ule utamwambia aweke wapi miguu?"

"Usimsahau kocha," Kinyozi alidakia.

"Kocha kaingiaje kwenye ngazi?"

"Kocha wa kweli anajua mchezaji wake anapanda nini na anashuka nini."

"Kwa hiyo angekaa chini ya ngazi amsubiri kama mzigo?"

"Wenzetu wa nje ndivyo wanavyofanya."

"Umewaona wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu yako hiyo iliyopasuka kioo? Si ajabu ulichoona ni ufa."

Mteja alitokeza mlangoni, shuka la kunyolea shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine kichaka. "Samahani, kaka. Mimi leo nina harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Basi kaa kidogo," Kinyozi alimwambia. "Wewe una furaha yako, sisi tuna msiba."

Bwana harusi akakaa. Nadhani hakuwa na la kufanya, maana kwa kichwa kile asingefika popote.

"Tena tuseme ukweli," Kinyozi aliendelea, akijipepea kwa kitana. "Mifupa ya vijana wa sasa ni ya biskuti. Huyu hakunywa maziwa utotoni."

"Alikunywa," alisema Mama Mdogo.

Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi. Alilisema huku anamimina kahawa, bila kumtazama mtu. Kinyozi akakipangusa kitana kilichokuwa kisafi.

"Sijasema hakunywa kabisa, Mama Mdogo. Nasema labda hayakutosha. Ule urefu ni maziwa ya watu wawili."

"Na madaktari je?" Shokapu akaokoa jahazi. "Mara ya kwanza walifungua, wakafunga. Mara ya pili wakafungua, wakafunga. Mimi injini ikinirudia mara mbili, mwenye pikipiki ananifuata na nduguze."

"Mara ya pili si daktari," alisema Mama Mdogo. "Alirudi uwanjani kabla hajapona. Kuna watu walikuwa wanakuja dirishani kwangu kila jioni wanaimba jina lake."

"Watu hawana huruma," Refa alisema kwa uchungu. Sauti yake bado ilikuwa na mkwaruzo wa nyimbo zile.

Sasa yule bwana harusi, kwa kuwa si mtu wa kijiweni na hakujua yapi huulizwa na yapi huachwa, akamgeukia Mama Mdogo kwa adabu zote. "Pole sana, mama. Kwani hizo ngazi zenu zikoje? Hazina pa kushikia?"

"Ngazi zipi, mwanangu?"

"Za nyumbani kwako. Alipoteleza."

"Nyumbani kwangu hakuna ngazi," alisema Mama Mdogo. "Kuna kizingiti, nacho kimechakaa mpaka kuku anaingia bila kuinua mguu."

Shokapu akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Refa akaona ni wakati mzuri wa kukagua kamba ya filimbi. Kinyozi akapunguza sauti ya redio, ingawa ilikuwa inasoma vifo tu.

Inabidi niseme mimi kilichotokea Jumamosi, maana hakuna mwingine aliyeonekana ana haraka ya kukisema. Timu ya mtaa wetu ilishinda. Mnara alifunga kikapu cha mwisho, akatua kwa miguu yote miwili, mzima kabisa. Yangeishia hapo, leo tungekuwa tunamshonea suti ya safari. Lakini sisi tuna desturi yetu: aliyefunga kikapu cha mwisho hakanyagi ardhi kutoka uwanjani mpaka barazani. Anabebwa mabegani. Kwa wachezaji wafupi desturi hii haina neno. Mnara ni kabati la nguo lenye mikono. Tulipofika kwenye mtaro wa duka la simenti, kabati likaenda chini, na goti la kulia ndilo lililotangulia kwenye ukingo. Akainuka anachechemea, anacheka, anasema hamna kitu. Sisi tukaamini hamna kitu, tukaimba mpaka giza.

"Kwa upande wangu," Shokapu alisema taratibu, "mimi nilikuwa mguu wa kushoto. Ule mzima. Haukupata hata mchubuko."

"Hata mimi kushoto," alisema Refa. "Kinyozi ni shahidi."

"Nashuhudia. Nilimwona vizuri, maana nilikuwa huko huko kushoto."

Mama Mdogo aliweka birika chini. "Wa kulia alishika nani?"

Macho yake yakapita kwa mmoja mmoja, yakanifikia.

"Mimi nilikuwa nimebeba mpira," nilisema.

"Hongera."

"Kitaalamu," Shokapu alijaribu, "mzigo ukiegemea upande mmoja wakati barabara ina kona…"

"Shokapu, kunywa kahawa."

Akanywa.

"Waandishi walipokuja," alisema Mama Mdogo, "nilikaa pale kitandani pake nikisubiri waulize imekuwaje. Majina yenu nilikuwa nayo yote kwenye ulimi, na ya nyumbani kwenu, siyo haya ya benchi. Wakauliza. Mtoto akadakia kabla yangu: nimeteleza kwenye ngazi. Walipoondoka nikamwuliza, ngazi unazo wewe? Akasema, Mama Mdogo, mtaa ukijua utawatafuna wabichi wale wazee. Wale ndio waliolala kwenye benchi za hospitali mara ya kwanza."

Kweli tulilala. Kinyozi alifika na mto wake kabisa. Nikamtazama sasa, nikaona macho yamemlowa, na mimi aibu ilinishika hadi masikio yakawa ya moto. Tulikuwa tumeshinda asubuhi nzima tunamtafuta mwenye kosa kwa mafundi, kwa madaktari na kwenye maziwa.

"Yeye hana kinyongo," alisema Mama Mdogo. "Mimi ninacho. Ile safari aliitaka tangu shule ya msingi. Anaamka gizani anakimbia, mimi namwachia taa. Sasa anapasuliwa tena, na daktari safari hii hakuahidi kitu. Nilimwuliza kama atacheza, akaniambia kwanza tuone kama atatembea sawasawa."

Refa alikohoa. "Lakini tukiangalia kwa haki, kama nyumba ingekuwa na ngazi kweli…"

Kinyozi alimkanyaga mguu, na aliukanyaga kwa uzito wake wote.

"Twendeni tukamwombe radhi," alisema Kinyozi. "Sasa hivi. Nafunga duka."

"Na mimi?" aliuliza bwana harusi.

Kabla hajajibiwa, Mnara mwenyewe alitokea kwenye kona, magongo mawili kwapani, anakuja taratibu. Magongo ya hospitali ni ya watu wa kawaida, kwa hiyo alikuwa amejikunja juu yake kama mtu anayetafuta sindano. Amekuja kunyolewa kabla ya operesheni. Alikuwa anatabasamu. Mimi ningekuwa yeye ningekuja na fimbo ya tatu.

Tulimwona, na moyo ukatutangulia. Shokapu akaruka kutoka benchi, Refa nyuma yake, Kinyozi akatupa kitana, na wote tukamwendea mikono imenyooka mbele. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe, kila mmoja alikuwa anakimbilia mguu wa kulia.

Mnara akasimama katikati ya njia. Tabasamu likamtoka. Akarudi nyuma hatua moja, akainua gongo na kulielekeza kwetu.

"Rudini kwenye benchi."

"Kaka, tunataka tu kukuomba radhi," alisema Kinyozi, machozi yanamshuka waziwazi. "Tusamehe. Kwa moyo wote."

"Nimewasamehe," alisema Mnara. "Tangu Jumamosi nimewasamehe. Lakini kaeni chini."