Ombi la Kurudishiwa Ubovu wa Bunduki ya Pilipili

Kwa Ndugu Mratibu,
Mradi wa Jirani Mkubwa,
Bariadi.

Mwangaluka. Huku upande wa Nkoma hatujambo, mahindi yameanza kubeba, na tembo nao hawajambo.

Mimi ni Mwandu Ndalahwa, mtunza bunduki wa kitongoji. Mwezi Februari mradi wako ulinikabidhi, kwa saini, bunduki moja ya hewa inayorusha gololi zenye unga wa pilipili. Mkufunzi wako alitueleza kwamba kwingineko watu wazima huichezea, wakipakana rangi kwa hiari yao. Hapa kazi yake ni kumkumbusha tembo kuwa mahindi yana wenyewe. Naandika kulalamika kwamba bunduki hiyo sasa inafanya kazi.

Usidhani nimekosea kuandika. Naeleza kwa mpangilio.

1. Kwenye fomu ya makabidhiano, sehemu ya hali ya kifaa, niliandika: valvu inavuja, komeo linanata asubuhi, gololi inafika hatua nane. Mkufunzi alitia saini, nami nikatia. Tarehe 3 Mei shemeji yangu Mektilda, mke wa mdogo wangu Paschal na fundi cherehani, aliifungua bunduki juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, bila kibali. Alipaka povu la sabuni kwenye valvu kama anayetafuta pancha ya baiskeli. Povu lilipochemka upande mmoja, alitoa mpira wa duara uliopasuka na kuweka mwingine kutoka kwenye bomba bovu la kupulizia pamba. Ukaenea. Kifaa hakilingani tena na fomu. Fomu ina saini mbili, na hakuna hata moja ya Mektilda.

2. Komeo nilikuwa nikilipaka samli, ya ng'ombe wangu mwenyewe. Mektilda alidai kwamba hewa iliyoshindiliwa ikitoka hupoza chuma, samli inaganda, na komeo linakwama kabla ya kufika linakokwenda. Alilifuta lote, akadondoshea tone moja la mafuta ya cherehani, kisha akaniambia mbele ya wateja watatu, "Shemeji, bunduki haikuwa mgonjwa. Ulikuwa unailisha." Wateja walicheka. Samli ile haijawahi kulalamikiwa na mtu yeyote.

3. Nyuma ya bunduki kuna skrubu inayobana springi ya nyundo, nayo nyundo ndiyo inayogonga valvu. Aliikaza robo mzunguko, akafyatua kwenye gunia lililotundikwa, akaangalia, akakaza robo nyingine. Kwenye robo ya tano gololi ilipasukia ndani ya mtutu, tukapiga chafya sote, wateja pamoja. Akasafisha mtutu, akalegeza robo moja. Sasa inafika hatua arobaini na mbili. Nimezihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi.

4. Bunduki ya hatua nane ilikuwa salama. Hakuna mwenye akili anayemkaribia tembo kwa hatua nane, kwa hiyo hakuna aliyefyatua, na kwa hiyo tangu Februari hatukupata ajali hata moja. Taarifa hiyo niliituma kwako kila mwezi. Mwezi Machi ulinipongeza kwa maandishi.

5. Valvu ilipokuwa ikivuja ilipiga mluzi. Tembo waliusikia wakajua nipo, nami nikajua wamejua, na kila upande ukaendelea na shughuli zake. Upande wao shughuli ilikuwa mahindi. Tangu tarehe 3 Mei wamekuja mara mbili tu. Mara ya pili Mektilda alisimama juu ya kichuguu akampiga jike la mbele kwenye paja, na kundi zima likageuka kuelekea hifadhini. Hawakupewa taarifa yoyote ya mabadiliko.

6. Kamati ya kitongoji inakaa Jumapili baada ya misa kuamua nani aitunze bunduki. Zamani watu waliketi kwangu, wakaniuliza tembo wamepita wapi, nami nikawaambia. Sasa wanapita mlangoni kwangu wakienda kwake, na salamu wanaitoa huku wanatembea. Hili ndilo linaloniuma, lakini nimeliweka mwisho kwa kuwa fomu haina sehemu ya kuliandika.

Kwa sababu hizo naomba utume mtaalamu airudishe valvu katika hali ya kuvuja niliyoisainia. Kama mtaalamu hayupo, tembo waelekezwe kusimama hatua nane, ili bunduki yoyote iwatoshe. Mektilda aandikiwe onyo, kwa lugha ya upole, maana suruali yangu ya Jumapili bado iko kwake.

Nisalimie Mama Eufrasia wa masjala, dereva Method, na mkufunzi, pamoja na wote wanaotuombea mvua na utulivu.

Wako katika kulinda nilichokabidhiwa kama kilivyokabidhiwa,

Mwandu Ndalahwa

Nyongeza: Anayekuletea barua hii ni Mektilda mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayekuja Bariadi leo. Bahasha haikuwa na gundi, akaisoma. Amesema kifungu cha 3 kina kosa: ni hatua arobaini na nane, miguu yangu ni mirefu. Mengine hakuyagusa. Haya ya chini nimeyaandika alipokwenda kuaga, na sasa nafunga bahasha kwa ugali. Alfajiri nimekuta nyayo za tembo mpakani mwa shamba langu, ambalo ndilo la kwanza upande wa hifadhi. Bunduki ameniachia, nami nimeishika tangu hapo bila kugusa skrubu wala komeo. Mpe mipira ya valvu, kila saizi anayoitaja. Jumapili mimi ndiye nitakayetaja jina lake kwenye kamati, naomba asilisikie hilo kutoka kwako. Wala usimkaribishe chai: basi la kurudi linaondoka saa nane.