Friji ya Dokta Kimya

Muuguzi alipomaliza kueleza, mama wa mtoto alifuta machozi, na baba wa mtoto akaona biashara.

"Kinachombana binti yenu kifua ni mende," muuguzi alikuwa amesema. "Kinyesi chao na magamba wanayojivua vikikauka vinageuka vumbi, na mtoto analivuta. Funikeni chakula, zibeni nyufa, bomba linalovuja litengenezwe, maboksi ya zamani yatoke nje."

"Na shuleni je?" baba akauliza kwa uchungu mkubwa. "Si ndiko watoto wanakoshinda?"

Mtaani baba huyo aliitwa Dokta Kimya, kwa kuwa alidai dawa yake ya mende huua kimyakimya. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa ngano uliotiwa rangi ya bluu. Mende wa kuwatisha wateja aliwafuga kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na walikula vizuri kuliko yeye.

Mkewe alilikumbuka lile kopo kabla hawajafika nyumbani. Walipofika tu, akafunga mzigo.

"Tunaenda kwa mama," alisema. "Siku nyumba hii itakapokuwa haina mende, na kuna friji ya kuwekea chakula, tuite. Mwanangu hatakohoa ili wewe upate kula."

Maneno hayo yalimchoma, maana binti yake alimpenda kweli. Hata hivyo, kopo hakulitupa. Alilitia kwenye begi la kazi, akaenda nalo shule ya bweni iliyokuwa na geti zuri.

Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimpeleka jikoni. Alipogeuka kupokea simu, Dokta Kimya akalegeza kifuniko.

"Mama, wazazi wakisikia watoto wao wanapata pumu kwa ajili ya jiko lako, hapa utafuga kuku," alisema. Mende mmoja akakatiza mezani kwa wakati unaofaa kabisa.

Mwalimu mkuu alimtazama mende. Kisha akalitazama begi lililokuwa wazi.

"Hiyo dawa inafanyaje kazi, baba?"

Ili aonekane msomi, akakariri ya muuguzi: chakula, nyufa, bomba, maboksi. "Halafu unga wangu ndio unamalizia."

"Vizuri. Basi anza na hayo ya mwanzo. Mimi sina mtu wa kuyafanya."

Wiki nzima Dokta Kimya alipiga saruji kwenye nyufa, akabadilisha bomba, akabeba maboksi mgongoni. Aliona yote ni sehemu ya maigizo. Mwisho akanyunyiza unga, na jikoni hakukuonekana mende hata wa kuulizia njia. Hata yeye alianza kuuheshimu ule unga.

"Pesa sina, wazazi hawajalipa ada," mwalimu mkuu alisema. "Lakini chukua friji hii ya jikoni. Inagandisha vizuri tu."

Dokta Kimya nusura alie. Siku hiyo alilitupa kopo chooni pamoja na wakazi wake, akakodi mkokoteni, akaifikisha friji nyumbani, akaichomeka kwenye umeme, akapiga simu kwa mama mkwe.

Mkewe alikuja na mtoto. Binti alifungua friji, akaweka uso kwenye ubaridi, akacheka bila kukohoa. Baba mtu aliona amefika.

Mota ilipopata joto, mende mmoja alitoka nyuma ya friji, akatikisa vipapasio, akakagua mtaa mpya. Nyuma yake ukatoka ukoo. Jiko zima la shule lilikuwa limezibwa na kusafishwa. Sehemu pekee iliyobaki na joto na giza ilikuwa ndani ya ile mota, na wote walikuwa wamehamia huko.

Mkewe hakuwa hata amefungua mzigo. Alimbeba mtoto, akatoka.

Dokta Kimya akapiga simu shuleni. "Mwalimu, friji yako imejaa mende!"

"Jamani, pole sana, baba. Kwangu hakuna hata mmoja. Lakini kuna fundi hodari, anaitwa Dokta Kimya. Mtafute."

Simu ikakatwa. Akachukua unga uliobaki, akaumwaga wote kuizunguka friji. Mende walikuja, wakaonja, wakaitana. Aliwatazama wakila mpaka unga ukaisha, kisha akainuka na kuanza kuisukuma friji kuelekea mlangoni, peke yake.