Lori la Kumpeleka Baba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kamati ya mazishi imekaa nyumbani Bahati. Baba anazikwa Jumamosi. Kazi zimegawanywa. Mdogo wangu Ngigi: mwenyekiti, msoma wasifu, na mbeba picha mbele ya jeneza. Mimi, kifungua mimba: parking. Parking! Nikauliza kama kuna kosa. Ngigi akasema magari yatakuwa mengi, boss, hiyo ni kazi ya heshima. Ananiita boss, mtu tuliyenyonya naye ziwa moja.

Picha yenyewe ni moja tu duniani, ukiacha ile ya kitambulisho. Baba amesimama kando ya lori lake pale Mai Mahiu, miaka ya themanini, anacheka meno yote nje, mwanya wake ukionekana. Hakuwa mtu wa kamera. Ukiinua simu, anashusha kofia. Mama ameiweka picha hiyo juu ya kabati la vyombo tangu nikiwa mtoto. Leo nilimwona akiipangusa kioo kwa ncha ya leso, polepole, huku akiiambia kitu. Sikusikia ni nini.

Nina wazo. Dereva wa lori anafaa apelekwe kaburini na lori. Na lori ninalo!

Jumanne, 10 Juni

Lori langu ni la rimoti. Si la watoto. Ni la watu wazima wenye kujua. Mke wangu Shiko anasema hajawaona hao watu wengine wazima.

Baba aliwahi kuliona. Aliliangalia likizunguka uani, akauliza linabeba nini. Nikamwambia halibebi kitu, linakimbia tu. Akasema sawa, akarudi kwa chai yake. Basi. Hakuuliza tena mpaka akafa.

Sasa litabeba.

Nimelijaribu na pakiti mbili za unga. Halikutoka hapo. Mota ililia, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Nimeenda mjini kwa Odongo, anayeuza vipuri vya vitu kama hivi kwenye kibanda nyuma ya soko. Akaniuliza kazi ni gani. Nikasema mazishi. Akafikiri kidogo, akanipa mota ya mashindano.

Jumatano, 11 Juni

Mota mpya ina nguvu ajabu. Imekata gia zote za plastiki mara moja. Kwa Odongo. Gia za chuma. Gia za chuma zikapinda ekseli. Kwa Odongo. Ekseli ya chuma. Lori likawa zito, springi zikalala chini. Kwa Odongo! Sasa ananipa kiti nikifika. Springi mpya, tairi pana za matope, betri kubwa mara mbili. Cha zamani kilichobaki ni milango, nayo haifunguki.

Alasiri nilimwambia Mama. Aliiangalia picha juu ya kabati. Kisha akauliza kama litaanguka. Nikasema halianguki. Akasema, “Muiruri, hiyo ndio picha pekee niko nayo.” Nikasema najua, Mama. Akasema Baba yako angecheka. Akanipa.

Kwamba Mama amenipa mimi na si Ngigi, hilo niliandike tena. Amenipa mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Ngigi amekuja mbio kutoka town. Anataka picha aipeleke studio wai-scan, iwe kwenye jalada la programu. Amechelewa. Nimeshaipiga fremu skrubu kwenye chesisi, na juu nikamwaga gundi ya chuma. Nikamwambia atangoja mpaka baada ya mazishi. Akasema nimeharibikiwa akili. Nikamkumbusha kwamba mwenyekiti hapigi kelele.

Shiko akajaribu kuipiga picha kwa simu. Kioo kinarudisha mwanga, inaonekana dirisha letu tu. Akasema tutoe kioo. Nikasema tusiguse kitu kilichokaza.

Mwishowe programu imechapwa na picha ya kitambulisho. Baba anaonekana kama mtu aliyesimamishwa na trafiki bila leseni. Mama ameifunika programu uso chini kwenye meza. Siku moja tu avumilie. Keshokutwa ataona.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimesoma kijitabu cha risiva mpya ya Odongo, ile inayopokea rimoti ndani ya lori. Kuna mahali unachagua: mawasiliano ya rimoti yakikatika, gari lifanye nini? Lisimame, au liendelee? Imetoka kiwandani ikiwa kwa kusimama. Watu wa viwanda hawajui mazishi.

Mimi nakumbuka mazishi ya Mzee Kiptanui hapo juu. Gari la maiti lilizima langoni likakataa kuwaka. Ilikuwa dizeli tu imeisha. Lakini watu walianza kunong’ona: mzee amekataa kuondoka, kuna kitu alifanyiwa humu ndani. Wote wakamgeukia mjane. Mpaka leo yule mama akialikwa mahali watu huacha kula. Picha ya Baba isimame katikati ya shamba, watamwangalia nani? Mama yangu.

Nimeweka kwa kuendelea. Nimejisifu sana. Ngigi angewaza hilo? Hangewaza.

Yeye amekuja na vijana wa kurusha mazishi kwa mtandao, ili dada yetu Rahab aone akiwa Kanada. Mitambo kibao, antena kila kona ya hema. Nimesema vizuri, Rahab naye aone lori.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa sababu siwezi kulala mchana huu wala kukaa na watu.

Lilianza vizuri. Nilitoa leso iliyolifunika, watu wakasema “Aai!” kwa pamoja. Baba akacheka hapo juu ya lori. Mshereheshaji akatangaza kwamba wabebaji wafuate picha, na mchungaji na kwaya wafuate jeneza. Nikabonyeza. Lori likatembea taratibu, adabu kabisa. Mama akatabasamu. Nilimwona mimi mwenyewe. Tangu hospitali hakuwa ametabasamu.

Tulipopita hema la vijana wa mtandao, lori likawa halisikii rimoti. Nikabonyeza kushoto, kaburi liko kushoto. Lori likaendelea mbele. Nikabonyeza simama. Likaendelea. Lilifanya hasa kile nilicholiambia.

Wabebaji walikuwa wameambiwa wafuate picha. Wakafuata. Wakalipita kaburi. Nyuma yao mchungaji, nyuma yake kwaya, hawakuacha hata ubeti. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kusimamisha jeneza njiani. Wakaingia kwenye viazi vya jirani yetu Makhanu, jeneza likiyumba, na Makhanu mwenyewe akivua kofia viazi vikikanyagwa. Ngigi anapiga kelele rudini, rudini! Mimi nimevua viatu nakimbia. Mota ya mashindano. Sikuikaribia.

Wabebaji walisimama kwenye ua wa waya. Lori lilipita chini ya waya, likashuka mtaroni, tairi pana za matope zikapanda upande wa pili kama nilivyozinunulia, likaingia lami. Trela la kokoto lilikuwa linateremka. Dereva alijaribu breki. Nasema kweli, alijaribu.

Mlio ulikuwa mdogo. Kisha betri ikashika moto. Betri hizi kubwa zikipasuka haziwaki kama mshumaa, ni moto mweupe wa kupuliza. Nilimwaga mchanga kwa mikono. Dereva akashuka na chupa yake ya maji. Ulipozimika kulibaki gia za chuma na ekseli ya chuma, zima kabisa, na kipande cha fremu.

Mama alifika mwisho, ameshikwa mikono. Dereva akavua kofia akasema, “Pole sana, mathe.” Mama akamwambia usijali, mwanangu, hukukosea. Akapiga magoti lamini akaokota vipande vya kioo, akavifunga ndani ya leso. Mimi alinipita tu. Afadhali angenipiga.

Jeneza liligeuzwa. Baba alizikwa. Nilirudi parking, magari yalikuwa yamefungiana.

Jumapili, 15 Juni

Rahab ametafuta kwenye video yote. Kamera ilikuwa nyuma. Ni mgongo wa fremu tu, ukienda. Shiko ameomba waombolezaji picha za simu zao. Wote wamepiga. Zote ni jua kwenye kioo.

Tukiwa mezani Mama akauliza ule mwanya wa Baba ulikuwa meno ya kushoto au ya kulia. Nikasema kushoto. Ngigi akasema kulia. Tukaangaliana. Mama akainuka akaenda chumbani na chai yake haijaguswa.

Nimelia chooni. Ngigi alinisikia na hakuniita boss.

Jumanne, 17 Juni

Mama ameniita asubuhi, peke yangu. Amepata chini ya godoro leseni ya zamani ya Baba, ile ya kijitabu chekundu. Ndani kuna picha ndogo kama ukucha, akiwa kijana, midomo imefungwa lakini macho yanacheka. Kitambulisho serikali ilishachukua, na ile ya programu Mama hataki kuiona, kwa hivyo hii ndiyo iliyobaki. Ngigi amerudi kazini. Mama akaniomba niipeleke studio mjini waikuze, aiweke pale juu ya kabati. Akasema, Muiruri, nenda na urudi. Akanifunga vidole juu ya kile kijitabu kwa mikono yake miwili. Ameniamini tena!

Kosa la Jumamosi nimelichunguza. Halikuwa lori. Zilikuwa antena za Ngigi. Na uzito. Fremu ile ilikuwa nzito mno, mtu yeyote angeona.

Nimepitia kwa Odongo. Amenipa chesisi mpya na rimoti ya masafa marefu isiyosumbuliwa na mtandao wa mtu. Gia na ekseli zilipona moto, nimezirudisha. Leseni ni nyepesi, haifiki hata uzito wa kiazi. Nimeifunga juu kwa mpira wa kufungia noti.

Baba hakufikishwa vizuri mara ya kwanza. Leo atafika. Kutoka kibanda cha Odongo hadi studio ni barabara moja tu ya kuvuka, na watu watapisha wakiona. Na rimoti ikikatika, risiva nimeiacha kwa kuendelea, maana katikati ya mji ndipo hutaki kuzimikiwa.