Tulia na Nyumbu Katika Picha Moja

Jumatatu, 2 Machi

Mkutano wa malisho. Nimerudi kichwa kinachemka. Ofisa wa wanyamapori, tunayemwita Bwana Darubini kwa sababu hata akinywa chai darubini yake iko shingoni, ametangaza kwamba shamba moja tu upande wetu litachimbiwa kisima na kujengewa birika la kunyweshea mifugo. Na langoni litawekwa bango kubwa: Shamba la Mfano. Sharti ni kwamba nyasi zilishe ng'ombe na wanyama wa porini pia, kila mmoja apate sehemu yake kwa wakati wake, na ardhi isibaki kipara.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Malisho yake kayagawa vipande, ng'ombe wanahama kipande hadi kipande, na kimoja hakiguswi mpaka kwale waangue mayai. Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, shingo upande.

Kisima kinanihusu mimi kuliko yeye! Bwawa letu limebaki tope. Kila siku mke wangu anamswaga ng'ombe wa maziwa, Tulia, mpaka mtoni, na Tulia ana mimba kubwa. Tulia si wangu. Mke wangu alipewa na marehemu mama yake, na maziwa yake ndiyo sukari, sabuni na karo ya nyumba hii. Ndama wake wa kwanza, jike, tulimpeleka kwa shemeji yangu akue huko kwenye majani. Mimi nina madume yaliyokonda. Kazi yao kula.

Tatizo ni kwamba sina mnyama wa porini. Nina panya.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata. Chumvi!

Nyumbu wako ng'ambo ya kilima na wanakaribia kuzaa. Wanapenda nyasi fupi. Nyasi fupi ninazo tele, maana bonde langu la chini nimelilisha bila kulipumzisha miaka yote. Mwalimu aliwahi kuniambia huo ni uzembe. Leo ni mkakati. Nimebeba jiwe la chumvi kutoka zizini mpaka bondeni, bega limechubuka, kisha nikamwaga juu yake chumvi yote ya jikoni.

Chakula cha jioni kilikuwa chapwa. Mke wangu aliuliza chumvi imekwenda wapi. Nilimjibu kwamba chumvi nyingi inapandisha presha. Aliniangalia mpaka nikaomba maji.

Waliokuja kulamba ni mbuzi wa mwalimu. Wamelamba, wamekojoa, wamekwenda zao.

Jumamosi, 7 Machi

Nyumbu! Bonde limejaa! Nimeamka nikasikia ile miguno yao, nikatoka nje na blanketi mabegani. Wengine walikuwa wanazaa palepale, ndama anaanguka, anayumba, anasimama, anakimbia. Nilikaribia kulia. Nilifikiria uso wa mwalimu.

Mke wangu alikuja akasimama pembeni yangu. Hakufurahi. Huku kwetu kila mtu analijua hili tangu utotoni: nyumbu wakizaa, ng'ombe hawashuki. Ndama wa nyumbu anatokwa na ute puani na machoni. Mwenyewe haumwi, lakini ng'ombe akiugusa, au akila nyasi zilizopakwa ute huo, anapata ugonjwa usio na dawa. Basi tunawaachia nyumbu bonde mpaka ndama wao waache rangi ya udongo na kuwa weusi. Baba yangu alikuwa anahamisha zizi zima kwa ajili hiyo, mvua inyeshe isinyeshe.

"Ng'ombe wangu asishuke bondeni," mke wangu alisema. "Umenisikia, mume wangu?"

"Nimekusikia."

Hapo sikudanganya. Nilimsikia vizuri sana.

Jumatatu, 9 Machi

Bwana Darubini amepita kukagua. Nyumbu aliwapenda. Akasema nilete picha za shamba kwa ajili ya makao makuu, kisha akanionyesha za mwalimu ili nijue wanavyotaka. Mbili. Kilima kilekile, kwanza kina ng'ombe, halafu kina nyumbu, msimu mwingine. Eti ndiyo maana yenyewe ya kugawana malisho.

Picha mbili! Mtu anaomba kisima kwa picha mbili! Nani huko makao makuu ana muda wa kutazama ya kwanza, akumbuke, atazame ya pili? Mimi nitawapa moja. Ng'ombe na nyumbu pamoja, jua la asubuhi, umande. Watalia.

Ugonjwa nimeufikiria pia, mimi si mjinga. Jua likishakausha umande, ute nao unakauka. Na kupiga picha si kulisha. Ni kupita tu.

Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu alikwenda mashine ya kusaga. Nilimwita shemeji, kaka yake, kwa sababu simu yake ina kamera nzuri. Nikamwambia tunapiga picha za madume tu. Na kweli nilianza na madume. Yalipofika karibu na nyumbu yakatimua mbio, moja likapita katikati ya waya za mwalimu na kuondoka na nguzo. Mara ya pili hivyohivyo. Madume yangu ni waoga kuliko kuku.

Akabaki Tulia. Yeye hakimbii. Umpigie kelele, umpigie debe, anasimama na kukutazama, ndiyo maana akaitwa hivyo. Shemeji alikataa. Alisema dada yake akijua atatuchinja sote wawili. Nikamwambia dada yake anatembea mpaka mtoni kila siku jua kali, je, yeye kama kaka halimuumi? Akatoa simu mfukoni. Nilimpata hapo, nakiri nilijisikia mjanja.

Tulia alishuka taratibu na tumbo lake. Umande ulikuwa haujakauka, lakini mwanga ulikuwa mzuri kupita kiasi, ungeisha. Alisimama katikati ya nyumbu, akainama, akang'ata majani mara chache. Ndama mmoja wa nyumbu akamsogelea. Wakanusana pua kwa pua. Shemeji akapiga.

Sijawahi kuona picha nzuri namna ile. Nilimfuta Tulia pua kwa shati langu, kwa tahadhari, nikamrudisha zizini. Mke wangu aliporudi alimkuta anacheua.

Jumanne, 14 Aprili

Sijaandika muda mrefu, nilikuwa nasubiri majibu. Yamekuja. NIMESHINDA!

Makao makuu wameipenda picha, hawakuuliza swali hata moja. Bwana Darubini mwenyewe hakuwa na furaha sana. Aliishika mkononi akauliza ilipigwa lini. Nikasema msimu uliopita, ndama walipokwisha kuwa weusi. Akasema huyu hapa mbona ana rangi ya udongo. Nikasema ni jua. Akaikunja bahasha yake. Aliniambia wakubwa wameshaamua, yeye ni wa kutumwa, ila anaomba Mungu niwe nasema kweli.

Mwalimu alikuja kunipa mkono. Aliongea kwa heshima, na nguzo yake hakuitaja. Nilitamani angekasirika kidogo.

Mke wangu amecheka leo. Alikaa mlangoni akapanga birika likae wapi, ili Tulia akizaa asitembee mbali. Alisema hakudhani ningeweza. Sikumbuki mara ya mwisho kuniambia hivyo.

Ijumaa, 17 Aprili

Tulia hajala. Joto la mwili liko juu, macho yanatoka machozi. Nimemwambia mke wangu ni vumbi la wachimba kisima. Wachimba kisima hawajafika.

Jumapili, 19 Aprili

Macho yake yamekuwa meupe. Haoni. Anagonga nguzo za zizi, anasimama anatetemeka. Pua imeziba kwa makamasi mazito, unamsikia akipumua ukiwa jikoni. Mke wangu amelala zizini, anampangusa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, anamwambia vumilia mama, vumilia.

Daktari wa mifugo amekuja. Hakukaa sana. Aliuliza kama ng'ombe huyu alichanganyika na nyumbu. Mke wangu akajibu kabla yangu kwamba hapana, kamwe, huyu hashuki. Alijibu kwa uhakika. Nilitazama viatu vya daktari.

"Hili halina dawa, mama," daktari alisema. "Pole."

Nikapendekeza sindano. Yoyote. Akasema anaweza kumchoma, kama itanisaidia mimi.

Jumanne, 21 Aprili

Tulia amekufa alfajiri. Ndama naye, tumboni. Alibakiza wiki chache tu.

Shemeji alichimba shimo. Hakuniangalia hata mara moja. Mwalimu alikuja na jembe lake akachimba pia, koti kalitundika kwenye waya. Mimi nilibeba mawe. Tulipokuwa tunafukia, shemeji akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, na dada yake akamtazama yeye, kisha mimi. Akaelewa. Niliona anavyoelewa.

Ndani ya nyumba aliniuliza neno moja tu.

"Ulijua?"

"Nilijua kidogo," nikasema.

Ni jibu baya. Nimelitafuta lingine usiku kucha na sijalipata.

Jumatatu, 27 Aprili

Vyote vimefika kwa pamoja. Kisima kimetoa maji, matamu kabisa. Birika limejaa hadi juu, madume yanakunywa na kuvimba matumbo. Mwalimu alisaidia kufunga pampu.

Bango limesimamishwa langoni, kubwa kama mlango. Tulia katikati ya nyumbu, pua kwa pua na ndama, jua la asubuhi. Chini wameandika kwamba hapa mifugo na wanyama wa porini wanaishi kwa amani. Mke wangu alisimama mbele yake kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na nguo zake na ile ndoo ya kukamulia, akaenda kwa kaka yake. Alipita chini ya bango bila kuinua kichwa. Nilimwita. Nilimwambia maji yako hapa sasa, hana haja ya kwenda mbali. Hakugeuka.

Nyumba imekuwa kimya vibaya. Nimekosa hamu ya kula. Na chumvi bado hakuna.

Jioni Bwana Darubini alipiga simu. Wageni wa makao makuu wanakuja wiki ijayo, wanataka kuona kwa macho yao kile walichokiona kwenye picha. Alisema niwaambie ukweli, kwamba ng'ombe yule hayupo, na kwamba niwape nyumbu bonde mpaka wakati wake ufike. Nimemkubalia. Lakini nimekaa, nimetafakari. Wageni wamesafiri mbali. Wakikuta nyumbu peke yao si watang'oa pampu?

Nimeshuka bondeni kuangalia. Ndama bado wana rangi ya udongo, ila usoni wameanza kuwa weusi. Karibu kabisa. Nafikiri kosa letu lilikuwa umande. Safari hii tutashuka saa za mchana.

Madume hayafai, yatakimbia. Anatakiwa ng'ombe mtulivu. Shemeji anaye yule mtamba, binti wa Tulia, naye nasikia hashtuki hata kwa radi. Kesho nakwenda kumwazima, kwa siku moja tu. Nitapitia njia ya nyuma, mke wangu asinione.