Kipepeo wa Zambarau na Video ya Harusi

Jumatatu, Yekatit 3

Hili sijamwambia mtu yeyote: huwa nacheza. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali natazama viatu. Kwenye harusi ya mama mdogo Selamawit, kule Dessie, nilijificha nyuma ya hema nikacheza eskista, ngoma yetu ya mabega, peke yangu. Macho nimefumba, mabega yanakwenda yenyewe, ngoma inasikika kwa mbali kama iko ndani ya maji. Kumbe mpiga video naye alikuwa huko nyuma, anatafuta pa kuchaji betri. Akanirekodi. Dakika tatu nzima.

Leo video imefika Addis. Televisheni yetu imeikataa, inasema umbizo halitambuliki. Bibi Yeshi, ambaye goti lilimzuia kwenda kumwona kitindamimba wake akiolewa, alikaa mbele ya kioo cheusi na shamma lake la sikukuu mabegani. Alikaa muda mrefu. Jumapili ameshaalika majirani waje kunywa kahawa na kutazama.

Nikajitolea kuibadilisha. Wote wakausifu moyo wangu mwema. Moyo wangu mwema una mpango wake: wakati wa kubadilisha, naikata ile ngoma. Nani atajua?

Jumanne, Yekatit 4

Programu za bure zimejaa mtandaoni, kila moja inaapa kuwa ni ya bure kuliko mwenzake. Binamu Kaleb, anayesoma chuo na asiyetuacha tukasahau, kasema nichukue ile iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Haina picha wala vitufe, ni ukurasa mweusi tu unaouandikia amri. Haidai kitu, kasema, wala haina ujanja.

Nikaufungua ukurasa. Mweusi tii, kialama kimoja kinapepesa, kinanisubiri niseme. Nikahisi nimeitwa ubaoni. Nikaufunga.

Nikachukua yenye nembo ya nyota. Ikabadilisha vizuri sana, kisha ikagonga jina lake kwenye uso wa bibi harusi, kuanzia nyumbani hadi kanisani. Kaleb akapita nyuma yangu na kikombe chake, akauliza kama bwana harusi ameoa kampuni.

Jumatano, Yekatit 5

Nimeipata. Nembo yake ni kipepeo wa zambarau anayepiga mabawa polepole. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Kiingereza cha shule kimenifundisha sehemu zote za ua, lakini maandishi ya kipepeo huyu sikuyaelewa hata nusu. Nikakubali kila kitu.

Nikaikata ngoma kutoka kwenye harusi. Nilitaka kuifuta, kidole kikagoma. Yule msichana wa nyuma ya hema hana haya hata kidogo. Sijui alikotoka. Nikambadilisha umbizo yeye kwanza, kwa majaribio, nikamhifadhi. Kipepeo hupa mafaili majina yenyewe, tarakimu ndefu tupu. Sawa tu.

Alhamisi, Yekatit 6

Kipepeo amefunga mabawa. Anasema siku ya bure ilikuwa jana, sasa nilipe. Harusi yenyewe bado.

Nililala chali nikitazama dari, nikawaza. Kompyuta inasema mwaka ni 2025. Sisi, kwa kalenda ya Ethiopia, tuko 2017. Nani kamruhusu kipepeo kuhesabu kwa kalenda ya wageni ndani ya nyumba ya Bibi? Nikairudisha kompyuta kwenye mwaka wetu. Kipepeo akafungua mabawa, akanishukuru kwa kumchagua, akaniahidi bure ya miaka kadhaa.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Harusi ikaanza kubadilika, asilimia moja moja, na mimi nikaona kama Selamawit anavua gauni moja na kuvaa jingine, taratibu, mlango ukiwa umefungwa.

Jumapili, Yekatit 9

Majani mabichi sakafuni, bisi, ubani. Majirani wamejaa mpaka koridoni. Mama ananiita, harakisha mtoto wewe. Nikafungua kompyuta, nikanakili faili la juu kabisa. Jipya siku zote hukaa juu.

Siku zote, isipokuwa ukilitengeneza miaka minane iliyopita.

Kaleb akachomeka flashi. Kioo kikawaka. Mimi. Nyuma ya hema.

Nikaingia nyuma ya pazia. Na kwa kuwa televisheni haikuwa na faili jingine, ilinimaliza ikanianza upya. Wakanywa abol, kahawa ya kwanza, na mimi kiooni, wakanywa tona, ya pili, na mimi kiooni. Etiye Mulu wa ghorofa ya tatu akauliza bibi harusi yuko wapi, au siku hizi yanaolewa mabega?

"Nyamaza, Mulu, kahawa yako inapoa," Bibi akamwambia.

Nikachungulia. Alikuwa ameinama karibu kabisa na kioo, na chini ya shamma, mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo kidogo.

"Haya ni mabega yangu," akasema. "Nilidhani nitazikwa nayo."

Kaleb akaliona faili la harusi chini kabisa ya orodha kwenye kompyuta, akalinakili kwenye flashi. Kwenye baraka, kahawa ya tatu, Bibi akamwona Selamawit akitoka kanisani. Akalia vizuri, akatubariki wote. Kisha akaomba ile nyingine irudishwe.

Jumatatu, Yekatit 10

Jengo zima linajua. Etiye Mulu kaleta video ya ubatizo wa mjukuu wake, nayo televisheni yake haiitaki. Kaleb, kwa upole wa ajabu, kanionyesha tena ukurasa mweusi. Nimemwitikia kila neno.

Sasa yeye ameondoka na mimi nimempata ndege wa dhahabu anayefumba jicho moja. Bure mpaka kesho. Hilo si tatizo: nimerudisha mwaka nyuma mpaka kabla sijazaliwa, hapo hata yeye hawezi kunidai. Mlango nimeufunga. Ndege anafumba jicho, mabega yananiwasha.

Fimbo ya Bibi koridoni. Inakuja huku, na haiji peke yake, nasikia na viatu vya Kaleb. Naiweka shajara chini ya mto, naifunga na kompyuta kabla Kaleb hajamwona ndege.