Vidonge Visivyo na Masharti

Mchuuzi mmoja aitwaye Ulimi alikuwa ameshafika ngazi ya tatu kutoka chini, sanduku mkononi, viatu kwapani, akiuhama mtaa. Sandukuni mlikuwa na miwani iliyosalia ya kutambulia waongo. Watu wa mtaa walikuwa wameinunua kwake, wakaivaa, wakamtazama usoni, wasione kitu. Sasa walikuwa wameanza kuulizana.

Chini ya ngazi, kwenye cherehani yake, fundi nguo alikuwa akimsimulia mwenye nyumba.

"Mara nne mwaka huu, baba! Nikishona mshono mmoja, mbio chooni, na kuungua juu yake. Sasa zahanati wamenipa kopo la vidonge hivi vya kinga. Kimoja kila jioni, miezi sita, UTI isirudi."

Mwenye nyumba akameza mate. Naye alikuwa na moto wake wa siri chini ya mkanda, ila zahanati aliiogopa, maana kule mtu huulizwa maswali.

"Vinauzwa wapi?"

"Haviuzwi hivi hivi. Nimepimwa mkojo, nimepimwa figo, na mfamasia kanipa maagizo mpaka kichwa kimejaa."

Ulimi akavaa viatu. Safari ikafa palepale.

"Shikamoo mama. Hebu nilione hilo kopo. Maandishi gani haya, ya sisimizi?"

Alilisoma, akalisifu, akalirudisha. Mikono yake ina haraka kuliko macho ya watu: kopo lilirudi na vidonge vya unga wa ngano na sukari, ambavyo huwa hatembei bila kuwa navyo. Vya zahanati vilikuwa mfukoni mwake.

Uani akapatana na mwenye nyumba: kesho asubuhi wabadilishane, Ulimi atoe vidonge, mwenye nyumba atoe pikipiki yake.

"Vina masharti?"

"Hata moja, mzee wangu. Masharti ni ya wagonjwa."

Lakini Ulimi naye alikuwa na heshima ya kazi. Miaka ishirini hajauza kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe. Muuzaji asiyejua bidhaa yake husita, na kusita kumewafunga wengi. Jioni ile, tumbo tupu, akameza kimoja.

Asubuhi alitoka chooni ameshika suruali kwa mikono miwili.

"Umeamkaje, kaka?" fundi akauliza.

"Vibaya. Mama, tuseme mtu... rafiki yangu... kameza kidonge kama vile vyako."

"Alikula kwanza?"

"Hakula."

"Kichefuchefu?"

"Kinamtesa."

"Na mkojo?"

"Kahawia, mama! Kama chai iliyosahauliwa jikoni!"

Fundi akasimamisha gurudumu. Jana jioni alikuwa amefungua kopo akaona vidonge vimebadilika sura, akakumbuka agizo: dawa ikibadilika sura usimeze, uliza. Hakumeza. Agizo jingine lilisema mkojo utageuka kahawia, na hilo halina neno. Agizo hilo alibaki nalo moyoni.

"Maskini rafiki yako. Ameacha watoto?"

"Mama!"

"Dawa yake ninayo. Naomba vidonge vyangu vyote, na lile sanduku lako la miwani."

Ulimi akatoa vyote. Akapewa vipande viwili vya mkate na glasi ya maji. Alikula akilia.

"Atapona?"

"Akiacha kumeza vya watu."

Mwenye nyumba akatokea na ufunguo wa pikipiki. Akamtazama Ulimi alivyopauka.

"Ndivyo hivi visivyo na masharti?" Akaurudisha ufunguo mfukoni.

Ulimi alipita zahanati kuhakikisha. Mfamasia alimwambia rangi ile si kitu. Cha kukimbilia daktari ni kikohozi na kubanwa kifua, macho kuwa ya njano, au ganzi miguuni, na asiyepimwa figo asiviguse kabisa. Aliondoka mjini siku hiyohiyo, mikono mitupu. Mwenye nyumba alikwenda kupimwa, akaulizwa maswali yote; ugonjwa wake ulikuwa mwingine, akapewa dawa nyingine. Fundi hakumeza viwili kufidia ile siku iliyopita. Alikula kwanza kila jioni, akarudi kupimwa kila alipoitwa, akamaliza miezi sita. Miwani ilimfaa kutungia uzi.